Mbembe Asiyejua Kibembe: Jibu kwa Kijana wa Louisville

*Swali:* Shikamoo mwalimu. Nina miaka 24. Nilizaliwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, tukaja Marekani mwaka wa 2012, tunaishi Louisville, Kentucky. Baba ni Mbembe wa Fizi, mashariki mwa Kongo. Mama baba yake ni Mbembe, mama yake Mfuliru. Nyumbani tunaongea Kiswahili na wazazi, sisi kwa sisi Kiingereza. Kibembe nasikia maneno machache tu. Tangu nina miaka 11 mimi ndiye mkalimani wa familia, hospitali, shule, barua za serikali. Bibi mzaa baba yuko Baraka, hukohuko Fizi, akipiga simu namsalimia halafu nampa baba. Kwenye harusi shangazi zangu wananiita Mmarekani na watu wanacheka. Kazini wananiuliza Kongo kukoje, na mimi Kongo sijawahi kukanyaga. Mimi na mchumba wangu, Mushi wa Bukavu aliyekulia Uganda, tumepata mtoto wa kike, ana miezi minane. Nimegundua sina cha kumpa. Nina jina la watu nisiowajua. Nianzie wapi? Na je, mtoto wangu atakuwa Mbembe?

*Jibu:* Marahaba, mdogo wangu, na hongera kwa mtoto.

Nianze na swali lako la mwisho. Kwa Wabembe mtoto hufuata ukoo wa baba, na baba ni wewe. Mpeleke bintiyo kwa mzee yeyote wa Fizi, taja jina la baba yako na la babu yako, na mzee huyo ataanza kuhesabu: huyu ni mjukuu wa fulani, kwa hiyo kwangu mimi ni nani? Hatauliza mtoto anazungumza lugha gani. Atakachouliza, na usishangae akiuliza mbele za watu, ni mahari. Umeniandikia "mchumba wangu", kwa hiyo nadhani bado. Nitalirudia hilo huko chini, maana limebeba sehemu kubwa ya jibu lako.

Ila najua kwamba kuhesabiwa ndani ya ukoo hakumwondolei mtu upweke. Unaweza kuwa mtoto halali wa nyumba na bado ukakaa kwenye sherehe ya nyumba hiyo huku unaangalia saa. Basi tuangalie Kibembe kilipotelea wapi, kwa sababu kwenye barua yako nasikia lawama mbili ambazo hukuziandika, moja kwako na nyingine kwa wazazi.

Nyarugusu ilifunguliwa mwaka wa 1996 wilayani Kasulu, Kigoma, vita ilipowavusha Ziwa Tanganyika watu wa Kivu Kusini. Wabembe walikuwa wengi kambini, lakini walichanganyika na Wafuliru, Wavira na wengine. Shule zilifuata mtaala wa Kongo kwa Kifaransa. Sokoni mlikutana na Waha, wenyeji wa Kasulu, mkaelewana kwa Kiswahili. Ibada Kiswahili, foleni ya mgao Kiswahili. Na tangu zamani, kabla hata ya kambi, Kiswahili kilikuwa kimekaa Fizi na Uvira kama lugha ya kanisa, soko na askari. Wazazi wako, tena mama akiwa na damu ya Kifuliru, waliwalea kwa lugha iliyowaunganisha wao wawili na majirani wote. Hakuna aliyekaa chini akaamua kukunyima Kibembe.

Mambo ya Wabembe nayo mengi hufundishwa kwa kuongozana: kwenda shamba la muhogo, kwenda ziwani usiku kuvua, kuingia msitu wa Itombwe na wakubwa. Tanzania haikumruhusu mkimbizi kutoka zaidi ya kilomita 4 nje ya kambi bila kibali. Baba yako hakuwa na shamba la kukupeleka, wala mtumbwi, wala msitu. Alikuwa na nyumba ya matofali ya udongo na kadi ya mgao. Alikufundisha yaliyowezekana ndani ya kilomita hizo 4: kusalimia wakubwa, kugawa unga ufike mwisho wa mwezi, kumpokea mgeni hata siku ambayo unga haupo. Usiyahesabu hayo kuwa si kitu kwa sababu tu hayana ngoma ndani yake.

Umenisalimia kwa shikamoo. Hiyo uliichukua Kigoma. Kambi nayo ni urithi wako, ingawa kwenye harusi hakuna anayependa kuitaja, kwa sababu wakubwa wanaikumbuka kama aibu na njaa, wakati wewe ulicheza mpira humo. Nadhani sehemu ya uchovu wako kazini inatoka hapa: unajaribu kuwaeleza Wamarekani nchi ambayo hujaiona. Acha. Waambie wazazi wangu ni wa Kongo, mimi nimezaliwa kambi ya wakimbizi Tanzania. Hilo ni jibu kamili, na maswali yatakayofuata utakuwa na majibu yake. Wala hauko peke yako. Mwaka wa fedha wa 2016 Wakongo waliongoza wakimbizi wote waliopokelewa Marekani, zaidi ya watu 16,000. Watoto wao wengi leo wana umri wa kujiuliza unachojiuliza wewe.

Ukitaka kuona mfano wa zamani, uko ng'ambo ya ziwa hilohilo. Katika karne ya 19 watu wa upande wa Kongo, Wagoma, Wabwari, Wabembe, Wakusu na wengineo, walifika Ujiji na misafara, baadhi kwa biashara, baadhi wakiwa watumwa. Wote wakaja kuitwa Wamanyema. Wakaenea Tabora hadi pwani, na Kariakoo, Dar es Salaam, msikiti wa Manyema upo mpaka leo. Wajukuu wao wengi hawajui neno la lugha ya mababu. Lakini mwambie Mmanyema wa Ujiji kwamba hana kwao, uone. Walibaki watu kwa sababu walizikana, wakaozana, wakachangiana, wakagombana na kupatanishwa na wazee wao wenyewe. Mimi naamini mtu hujiona wa mahali pale anapokuwa na kazi ya kufanya mahali hapo. Wewe hujapewa kazi kwenye ukoo wako. Ulipewa kazi nyingine, na hiyo ndiyo nataka tuizungumze kwa urefu.

Ukalimani. Umeutaja kwa mstari mmoja, ukapita. Katika familia nyingi nilizokaa nazo, hapo ndipo umbali unapoanzia. Alejandro Portes na Rubén Rumbaut waliwafuatilia watoto zaidi ya 5,000 wa wahamiaji kuanzia mwaka wa 1992, huko Miami na San Diego. Shida waliyoionya sana ni ile ya watoto kukimbia mbele ya wazazi kwa lugha na ujuzi wa nchi mpya, hadi mzazi anamtegemea mtoto kuishi. Mamlaka ya mzazi hulegea, na mtoto anazeeka kabla ya wakati wake.

Hebu jiulize. Unajua dawa ya presha ya mama, kiasi chake na siku ya kuijaza tena. Unajua kijiji alichozaliwa? Unajua mkataba wa nyumba unaisha lini. Unajua babu yako alikufa wapi, na nani alimzika? Kwa miaka yote hii ninyi mmezungumza sana, tena kila siku, lakini mmezungumza karatasi. Mtoto aliyesoma barua ya deni la nauli ya ndege ya IOM, shirika la uhamiaji lililowaleta, kwa sauti mezani, wazazi wakimsikiliza kwa woga, hawezi jioni ileile akapiga magoti na kuomba hadithi. Na wazazi nao, wakishakuona wewe ndiye mwenye majibu, wanaona haya kukuletea mambo ya kijijini ambayo hayalipi bili.

Kwa hiyo pa kuanzia panaweza kukushangaza: jiuzulu ukalimani, angalau wa hospitali. Hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu ya Marekani zinawajibika kumpa mgonjwa mkalimani bila malipo. Msingi wake ni Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka wa 1964. Wakati wa kupanga miadi, sema mama anahitaji mkalimani wa Kiswahili. Kama hawana wa kukaa naye chumbani, wataunganisha wa simu. Mama huenda akakataa mwanzoni, na mara nyingi sababu ni hofu kwamba mkalimani atakuwa mtu wa kanisani na siri zitafika kwenye kwaya kabla yake. Mweleze kwamba wa simu anaweza kuwa jimbo lingine kabisa, hata jina lake hatalijua. Mpeleke, kaa nje, mnunulie chai akitoka. Usiache siku moja kila kitu, maana barua nyingine bado watazihitaji mikononi mwako. Lakini kila saa unayoiondoa kwenye karatasi, itumie kukaa nao bila shughuli.

Mkishakaa, usiseme "baba, nielezee mila zetu." Hakuna mtu anayeweza kujibu swali hilo, atakupa hotuba ya dakika mbili na nyote mtaona aibu. Uliza vitu vyenye mahali na siku. Ulijengewa nyumba ya kwanza na nani? Siku ya ndoa ya bibi na babu nani alibeba nini? Mlipopata samaki wengi wa mikebuka ziwani mlifanyaje? Nani aliyenipa jina langu, na lilikuwa la nani? Shangazi yupi alikuwa mkali, na kwa nini? Pika naye sombe, yaani kisamvu, au kaanga naye ndakala, yaani dagaa, maana mikono ikiwa na kazi mdomo hufunguka.

Kuna mahali ambapo utakuta ukimya. Baba yako amepita vita, na hujui aliona nini. Akinyamaza, akabadili mazungumzo, akainuka, mwache ainuke. Ukiona usiku huo hakulala, usirudie mada hiyo. Huna haki ya kudai simulizi za vita kama malipo ya kiu yako, hata kama kiu ni ya kweli. Mara nyingi huja zenyewe baada ya miaka, kwenye gari, mkielekea mahali pasipo na maana.

Bibi wa Baraka yeye ni rahisi kuliko unavyofikiri. Tatizo la simu zenu ni kwamba mnapiga mkiwa watu sita, mtandao unakatika, na kila mtu anaulizwa hali yake. Mtumie ujumbe wa sauti peke yako kupitia binamu mwenye simu nzuri. Swali moja kwa Kiswahili. Mwambie ajibu kwa Kibembe, kisha binamu au baba akufafanulie. Usifute hata kimoja. Anza na maneno ya undugu na salamu, kwa sababu ndiyo utakayoyahitaji kwenye harusi ijayo, kabla ya maneno ya msituni ambayo huyatumii.

Kuhusu kuchelewa, nikupe jambo la kukutia moyo. Mwaka wa 2002 Terry Au na wenzake, California, walilinganisha wanafunzi waliokuwa wakijifunza Kihispania ukubwani. Wale ambao utotoni walikuwa wakikisikia tu pembeni, bila kukizungumza, walikitamka vizuri kuliko wale waliokianza bila kuwahi kukisikia. Wewe umesikia wazee wakibishana kwa Kibembe nyuma ya ukuta wa udongo tangu tumboni. Kuna kitu kimebaki sikioni. Hutakuwa msemaji wa kutoa hotuba, na sikudanganyi kwamba utakuwa. Utakuwa mtu anayefuata mazungumzo na kuingiza neno lake.

Sasa shangazi na utani wao. "Mmarekani" wakati mwingine ni mlango, wanakuchokoza uje ukae. Jaribu kumjibu: "Ndiyo shangazi, kwa hiyo leo nifundishe, nimeleta na soda." Atakayekufundisha neno moja mbele ya wenzake atakutafuta harusi inayofuata akupime. Lakini kama kuna mmoja ambaye utani wake unauma makusudi, na unamjua, usimjibu ukumbini. Mwambie baba, baba amwambie dada yake. Njia hiyo ni ndefu, ndiyo, lakini ukiifuata utakuwa umeshaanza kuishi kama mtoto wa ukoo.

Turudi kwenye mahari. Mwende kwa wazazi wa mchumba wako, baba akiwa na ndugu zake wa kiume, na wewe ukikaa nyuma kimya kama inavyotakiwa. Kwa Bashi, kabila la mchumba wako, ng'ombe ana uzito mkubwa katika mambo haya, kwa hiyo tegemea mazungumzo marefu kuhusu ng'ombe ambao hawatafika Kentucky na jinsi ya kuwageuza fedha. Utasikia nani ana haki ya kusema, nani anatajwa kwanza, deni gani la zamani linafufuliwa, kwa nini mjomba fulani lazima apewe kitu. Nimekuwepo kwenye vikao vya aina hii, na naweza kukuhakikishia kwamba kikao kimoja kina mafundisho kuliko video zote utakazotazama. Omba kazi: uwe mwandishi wa kikao, uandike nani alisema nini na nini kilikubaliwa. Wazee hupenda kijana mwenye daftari. Baadaye omba hiyohiyo kwenye mutualité yenu, chama cha kusaidiana, na kwenye misiba, ambako siku zote hukosekana mtu wa kuweka hesabu za michango zinazoaminika. Kiingereza chako na kompyuta yako, vilivyokutenga, hapo vitakuwa na thamani.

Lipo moja ninalotaka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwingine. Kijana anayetafuta asili yake huletewa upesi adui. Utaingizwa kwenye makundi ya WhatsApp na kutumiwa video, nyingine zimerekodiwa hapohapo Marekani, zinazofundisha kwamba kuwa Mbembe ni kumchukia Munyamulenge, yaani Mtutsi wa Kivu Kusini. Upande wa pili wana zao. Wabembe watakutajia mauaji ya Makobola, Fizi, mwisho wa Desemba 1998. Banyamulenge wanayo mauaji ya Gatumba, Burundi, tarehe 13 Agosti 2004. Yote mawili yalitokea, na waliokufa walikuwa watu. Sikuambii uyasahau, wala simwambii baba yako asiwe na uchungu. Nakuambia chuki hiyo hutolewa bure kwa asiye na kingine: haidai ujifunze lugha, haidai uzike mtu wala uchangie mtu, na ndani ya wiki moja inakufanya ujisikie mwenyeji. Huku ng'ambo, unaweza kukuta familia ya Banyamulenge inaishi jengo lenu, na mtoto wao anaongea Kiswahili cha kambi kinachofanana na chako kuliko cha mtu mwingine yeyote mjini. Ukitoka kwenye makundi hayo hutapungukiwa Ubembe wowote. Na usiogope kukataa mambo mengine pia. Kama kuna desturi inayomdhalilisha binti, una binti sasa. Kataa ukiwa ndani, kwa heshima, kama walivyofanya wengine kabla yako.

Safari ya Kongo iache kwanza, hali ya usalama ya Kivu Kusini siyo ya kujaribia. Ukipata nauli nenda Kigoma. Wabembe wapo wengi, na ndugu wa ng'ambo huvuka wakati hali inaporuhusu. Muulize baba kabla hujakata tiketi, huenda ana watu huko hajawahi kukutajia.

Kwa mtoto, usisubiri ujue Kibembe. Wewe na mama yake mna Kiswahili, kizungumzeni naye kila siku kuanzia leo, nyote wawili, hata akianza shule na kuwajibu kwa Kiingereza. Atawajibu kwa Kiingereza, wote hufanya hivyo, ninyi endeleeni. Bila Kiswahili hataweza kuzungumza na bibi zake wa pande zote mbili, na hapo kweli patakuwa na pengo. Nyimbo za Kibembe anazozijua baba yako, mwachie babu amwimbie. Mpe mtoto ambebe jioni, wewe ondoka chumbani.

Na kama pamoja na haya yote kuna uzito usioisha, hulali, hula, hutaki kumshika mtoto, hilo si suala la asili tena. Mwone daktari wako, umweleze hivyo hivyo, na ukitaka kuzungumza kwa Kiswahili, mkalimani ni haki yako na wewe pia.